Kula kwa Niaba ya Bibi

Al Khoudh, 4 Septemba 2025

Mjukuu wangu Noof,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Marekani? Masomo je? Mimi nashukuru Mungu, ila sauti haijarudi tangu wanipasue koo, kwa hiyo simu tena basi, tutaandikiana. Chakula changu kinapita kwenye mrija wa puani. Sijaonja kitu tangu Julai.

Sasa nna kazi ya kukupa. Ulinambia huko Los Angeles kuna mikahawa ya Kijapani wanauza samaki mbichi, nikakucheka. Nenda kale, kisha nieleze ladha yake, usinifiche kitu. Watu wanahijiwa na wenzao wakishindwa kwenda wenyewe. Na mimi wewe ule kwa niaba yangu.

Bibi yako, Shaikha

Los Angeles, 13 Septemba

Bibi yangu,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe.

Nimekwenda. Unakaa mbele ya mpishi na hakuna kuchagua. Anafinyanga wali kwa vidole, anauwekea kipande cha samaki juu, unatia mdomoni papo hapo. Nilimwambia mapema asinitilie sosi yenye pombe, akaitikia kwa kichwa. Jodari mbichi hanuki, Bibi! Baridi, laini, anayeyuka hata hujatafuna. Kisha akaleta samaki changu, kapakwa tui na pilipili, kaunguzwa juu kwa moto. Wenyewe wanayaita mapishi ya kisasa, ya kuchanganya. Mimi nilijiona jikoni kwako.

Mjukuu wako, Noof

Al Khoudh, 2 Oktoba

Noof wangu,

Salamu nyingi, natumai u mzima. Hali yangu nyumbani wanakuficha, mimi sikufichi: maradhi ya koo yamerudi. Usije. Mtihani wako Desemba, na sitaki unione nilivyokonda.

Barua yako tamu lakini una haraka mno. Tui zito au jepesi? Ndimu katia? Wali wa moto au umepoa? Mlaji gani wewe! Rudi kale tena. Safari hii nna hamu ya kitu cha moto, kinachounguza koo.

Bibi yako

Los Angeles, 19 Oktoba

Bibi,

Shikamoo. Umeamkaje? Umelala japo kidogo?

Tui zito. Ndimu katia, ya Kijapani, inanukia kama chungwa. Wali vuguvugu.

Cha moto nimekipata: supu ya tambi na kuku wa halali, pilipili ya Kikorea imeelea juu, nyekundu. Kijiko cha kwanza kilishuka kikiunguza mpaka kifuani. Nikawaza koo lako, nikalia mbele za watu. Mhudumu akanikimbilia na maji, akidhani ni pilipili. Nikamwambia ndiyo, kali sana.

Nisamehe, siwezi kukutii. Nimekata tiketi, Ijumaa nafika. Nisubiri, Bibi.

Noof wako

Al Khoudh, 28 Oktoba

Bibi,

Leo sijui nikuamkieje. Walikuzika Alhamisi alasiri, mimi niko angani.

Jana tulikusomea khitma. Sikutaka kula. Mama akanikalisha kitako, akanipakulia bokoboko kwa mkono wake, nikala. Nilidhani ulimi wangu utakataa. Lakini nilionja kila kitu: ngano iliyolainika, samli, nyama iliyopotelea ndani, chumvi pungufu kuliko uliyokuwa ukitia wewe. Lilikuwa tamu, Bibi. Hilo ndilo linaloniuma.

Mjukuu wako, Noof