Ubeti wa Tatu

Mama yangu wa benchi la nyuma,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia kwenye simu, nikiwa ndani ya basi, Upendo, mjukuu wako mkubwa, kaegemea kioo na mtoto mchanga kalala kifuani kwangu. Tumetoka kanisani, tunarudi nyumbani Peckham, huku London. Nimechoka, mama. Ule uchovu uliokuwa unausema wewe, wa mtu kukaa chini akasahau amekalia nini. Kidole gumba ndicho kilicho macho, basi acha kiandike.

Nilipokupigia simu kukwambia nimepata kazi kwenye jumba la opera, uliniuliza, "Opera ndiyo nini?" Nikasema ni watu wanaimba badala ya kuongea. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Kumbe kama shangazi zako wakigombana."

Sasa hivi wanaandaa opera ya Kirusi, ya mke wa tajiri aliyefungiwa kwenye nyumba ya mkwe wake mpaka akaua. Mwongozaji wa safari hii kaivua mavazi ya kale. Jukwaani kuna jiko la kisasa, friji na meza ya chuma, na yule mwanamke amevaa gauni jeupe la kulalia. Kila mazoezi linalowa damu ya bandia. Kulifua na kulipiga pasi ndiyo kazi yangu.

Nikililoweka nakusikia wewe. Nilikuwa darasa la sita, nimejificha nyuma ya zizi na sketi ya shule, ukanifuata na beseni. "Damu haipelekwi kwenye maji moto, mama. Itang'ang'ania. Ya baridi, polepole, mpaka iachie yenyewe." Hukuniuliza kitu. Ulichuchumaa tukafua wote.

Siku moja Halina, mama mtu mzima kutoka Poland ambaye ndiye mkuu wetu wa mavazi, akaniambia, "Unajua hii iliwahi kupigwa marufuku?"

"Opera?"

"Opera. Wakubwa wa nchi yao waliichukia. Ikafungiwa miaka na miaka. Mtunzi akaja akailainisha, akang'oa palipowauma, ndipo wakairuhusu. Lakini hii tunayoifulia sisi ni ile ya kwanza, yenye meno yake."

Nikabaki nimesimama na pasi mkononi. Maana mimi nawe, mama, tunaujua wimbo mwingine uliofungiwa.

Baba alipofariki, baba mdogo alikuja na kamba kupima shamba, na wazee wa kanisa wamekaa pale pale uani kwetu. Ukatunga wimbo ukiwa jikoni, ukatufundisha sisi kwanza, kisha ukaupeleka kwenye kwaya. Beti mbili za Mungu wa wajane watu walizipenda, milima yote ya Upareni ikaziimba. Halafu Jumapili moja ukasimama peke yako, bila kumwambia mtu, ukaweka wa tatu:

Mlikula msibani kwangu, mkanawa mikono;
shamba langu likipimwa, mkatazama chini.

Wazee wakaitisha kikao. Wimbo ukafungiwa na wewe ukatengwa. Kwetu aliyetengwa hapokei chakula cha Bwana mpaka asimame mbele ya watu atubu, ndipo arudi kundini. Kila mwaka walikuja. "Mama Rehema, ufute ule ubeti tu, urudi kundini."

Nawe kila mwaka ukawajibu, "Kundini nimo. Si nimekaa hapo nyuma karibu na mlango, hamnioni?"

Na kweli ulikuwemo. Viatu vyetu vimepakwa rangi, nywele zimesukwa, kila Jumapili benchi la nyuma. Ila hukuimba tena humo ndani. Ulituimbia nyumbani.

Ulipofariki hawakukuingiza kanisani. Mimi nilikuwa huku na tumbo kubwa, sikuweza kusafiri, nikakuzika kwa simu, kaka kanishikia kamera. Hapakuwa na kwaya. Nilisikia koleo tu, na jogoo wa jirani.

Basi huyu mtoto alipozaliwa nikampa jina lako. Nikamwendea mwalimu wa kwaya wa ibada yetu ya Kiswahili hapa, nikamwomba waimbe wimbo wako siku ya ubatizo. Sikutaka keki wala picha, nilitaka hilo tu. Akaupenda. Wakafanya mazoezi beti mbili. Nikamwimbia wa tatu, akakuna kichwa.

"Dada, huu tuuache."

"Kwa nini?"

"Unawagusa wazee. Na wazee wetu hapa wana ndugu zao huko. Beti mbili zinatosha, wimbo wenyewe mtamu."

"Bila huo si wimbo wa mama, mwalimu."

"Basi tuulainishe. Badala ya 'mkatazama chini', tuseme 'mkaniombea'."

Nilikaribia kucheka. "Hawakumwombea."

"Basi hatutaimba, dada yangu."

"Basi msiimbe."

Nilisema kwa upole, mama, ulivyonifundisha. Nilipofika kituoni nikalia mpaka mzee mmoja wa Kizungu akanipa karatasi ya kufutia mafua.

Wiki hiyo hiyo Halina akaniruhusu kuketi nitazame mazoezi ya mwisho. Nikalala! Muziki unashuka kama mawe ya mlimani, mimi nakoroma. Nilishtuka karibu na mwisho. Yule mwanamke kasimama katikati ya wafungwa wenzake, anaimba peke yake, na ukumbi mzima umenyamaza. Simpendi, kaua watu. Lakini walimwacha amalize. Hilo ndilo nililoondoka nalo.

Leo mchungaji alipokwisha kummwagia mtoto maji akauliza kama familia ina neno. Nikasimama na Nakijwa mkononi. Kwaya wakatazama vitabu vyao. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, ukatoka ubeti wa tatu.

Sikukusudia. Ndio ninaowabembelezea watoto, na kichwa changu siku hizi ni chujio. Nikaumaliza wote, kisha nikatafuta wa kwanza nisiuone. Upendo akapaza sauti kutoka kwenye benchi, kwa Kiingereza chake cha London, kwamba mama umeanzia mwisho.

Watu wakaangua kicheko, hata mchungaji. Mimi nimesimama tu, machozi yananichuruzika, neno la kwanza limenikimbia. Mwalimu akanitazama muda mrefu. Halafu akanyanyua mkono, na kwaya nzima ikaingia na ubeti wa kwanza, kisha wa pili, kama walivyofanya mazoezi. Wao waliimba zile wanazokubali. Wa tatu ulikuwa umeshapita.

Wimbo wako umeimbwa wote, mama. Umeanzia mwisho, lakini haukupungua neno.

Mlangoni mwalimu akanishika mkono. "Dada, umeniweza."

"Nimechoka tu, mwalimu."

"Hm. Mtoto ndiye nani vile?"

"Nakijwa."

"Jina la nani?"

"La mtunzi."

Akalirudia polepole, Nakijwa, ndani ya mlango wa kanisa, kavaa viatu vyake vya Jumapili. Sijui kama hilo linatosha. Kwa leo nimelipokea.

Kituo chetu kimeshapita wakati nakuandikia. Tutashuka mbele turudi kwa miguu, Upendo atanung'unika, nitambeba na yeye. Kesho gauni linanisubiri kwenye beseni, maji baridi, polepole.

Wewe sasa nyanyuka hapo mlangoni, mama. Sogea mbele ukae. Nafasi ipo.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
mama Upendo na mama wa Nakijwa wako