Nati Mbili Zilizobaki

Rosman. Niko gereji hapa Tapah. Nimekaa tu.

Unakumbuka Jumatano nilikutumia picha, nabadilisha shokapu za mbele mwenyewe? Ukanicheka, "Umekuwa fundi siku hizi!"

Leo tunaenda kwao Suhaila kwa Idi. Mama mkwe kakaa mbele, pembeni yangu. Spidi kufika tisini, usukani ukaanza kutetemeka.

Akasema, "Mwanangu, gari inatetemeka." Nikamwambia ni barabara.

Akasema tena. Nikamwambia tairi zinataka kusawazishwa tu.

Mara ya tatu hakuniambia mimi. Akageuka nyuma, "Suhaila, mwambie mumeo asimame, nimebanwa na haja."

Nikasimama hapa. Fundi kaona gurudumu la kushoto, lile la chini ya miguu ya mama, akashika nati akaifungua kwa vidole viwili. Vidole viwili, Rosman! Spana hakugusa. Zilikuwa tano, zimebaki mbili.

"Bosi, nani kafunga hizi?"

Mimi. Nilizizungusha kwa mkono gari ikiwa juu ya jeki, nizikaze ikishuka. Adhana ya magharibi ikatoka, nikatupa spana, nikakimbilia futari. Niliporudi nimeshiba, nikashusha jeki, nikaingia ndani.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, hata hakunitazama: "Barabara mbovu, mwanangu."

Kisha Suhaila akamwonyesha choo kilipo.

"Haja imeisha," akasema, akakaa.