Kabla Hujaita Fundi Rangi

Dada Skola, shikamoo.

Natumaini goti limepungua uvimbe na kwamba Shemeji anakukumbusha vidonge vya presha. Mimi mzima. Huku Ufini theluji haijaisha, lakini nimekwisha kujua namna ya kuitembea bila kuanguka.

Barua hii anakuletea muuguzi mwenyeji wa Mkuza ninayesali naye huku, anakuja likizo. Sikutaka kuituma kwa simu. Ungenijibu kabla hujafika katikati.

Kwanza masomo. Chuo cha sanaa kinataka mada ya tasnifu, kazi ya kuonyeshwa ukumbini, nami nimekataliwa mara mbili. Nilipendekeza karatasi za kutengenezwa kwa magazeti ya zamani, kisha vyombo vya maganda ya korosho. Mwalimu wangu, mama mtaratibu asiyepoteza maneno, alisoma akasema, "Hii ni ripoti nzuri. Wewe uko wapi humu?" Nilidhani ananisifu. Miaka kumi na tisa gazetini nilifundishwa kutokuwamo. Amenipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Nikikosa mada, nafasi yangu inafutwa.

Siku ile ulipotuma picha ya nyumba, ukiniuliza kama ukuta wa mbele upakwe krimu au kijivu kwa ajili ya sendofu ya kumuaga Roza, nilikuwa na mwalimu huyo mezani. Aliyaona maandishi yako mekundu ukutani akauliza yanasemaje. Nikamfasiria: NYUMBA HII HAIUZWI. Nikamweleza kwamba kwetu watu huandika hivyo kuwazuia matapeli, na kwamba wewe uliandika baada ya Kaka Damasi kuleta mnunuzi kwenye nyumba ya marehemu Baba bila kutuambia.

"Kwa nini alitaka kuiuza?" akauliza.

Dada, sijawahi kuchapa hata habari ya wizi wa kuku bila kumtafuta anayetuhumiwa. Katika hili nilikusikiliza wewe, nikamsikiliza mwenyekiti wa mtaa, hata yule mnunuzi aliyekuwa akihesabu hatua uani nilimhoji. Kaka yetu wa tumbo moja sikumuuliza.

Nikampigia huko shambani kwake Masaki. Alianza kwa kufoka. "Leo mwandishi kanikumbuka! Nimefanya nini tena, nimeuza kanisa?"

Nikamwambia nataka kusikia upande wake. Akaacha kufoka, akasema vile vidonda vya tumbo vya Wifi Ana tulivyoambiwa havikuwa vidonda vya tumbo. Ilikuwa saratani ya titi. Wifi alimkataza asimwambie mtu, hasa sisi mawifi zake. "Mikorosho niliuza nusu kwanza," alisema. "Fedha ya matibabu ilipoisha ndipo nikaja kwenye nyumba ya Picha ya Ndege."

Wifi akamnyang'anya simu. "Wifi Editha, siri imekwisha, sasa semeni tu. Mimi si bado nipo?"

Hilo halifuti kosa. Nyumba ni yetu watatu, na nilimwambia hivyo. Alikubali. Lakini kwa miaka minne kila apitaye barabarani amesoma maneno yetu peke yake.

Pendekezo langu la tatu ni ukuta wa kimo cha ule wetu, ujengwe katikati ya ukumbi. Upande mmoja maandishi yako, kwa vipimo vyake. Upande wa pili maneno ya Kaka, kwa mwandiko wake. Mtu hawezi kusoma pande zote mbili akiwa amesimama mahali pamoja. Mwalimu amekubali. Kaka na Wifi wameridhia. Fomu ya chuo sijaitia saini, kwa sababu mwandiko ule ni wako. Ukikataa nitarudi nyumbani bila shahada, na sitakulaumu. Ukikubali, Roza apime urefu wa kila herufi kabla ukuta haujapakwa.

La pili ni gumu zaidi. Kaka anaomba usiite fundi. Anataka kuupaka ukuta rangi mwenyewe, yeye na Wifi, Jumamosi ya kabla ya sendofu. Maneno yake haya: "Mwambie Skola sitaingia ndani. Nitapaka kwa nje, niondoke." Niliahidi kuyafikisha, nayo nimeyafikisha.

Nisalimie Shemeji, bibi harusi wetu Roza, Mama Mdogo Felista, na jirani yako fundi cherehani, ambaye najua atakuwa wa kwanza kukuletea habari kwamba Damasi amefika. Akikuletea, Dada, usisubiri hodi. Kaka hatapiga. Toka wewe.

Mdogo wako,
Editha