Utepe Mwekundu Upande wa Geti

Jumamosi, 25 Januari 2025

Umuganda leo, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Kigali nzima imeshika majembe na fagio, mimi nimepangwa zamu kwenye kituo chetu cha kuzalisha samaki. Vifaranga vya samaki havijui umuganda, vinataka kula. Basi nikaamua umuganda wangu niufanyie bwawani. Ijumaa wanakuja wageni kushuhudia vifaranga wakipandwa ziwani! Wakubwa, waandishi, na wale wavuvi wa ndoano wa klabu ya Rodney. Wapokewe na vizimba vyenye uchafu wa kijani? Si mbele yangu mimi.

Nimesugua neti za vizimba vyote vinane. Nimeng'oa vijiti vyake, nikafua tepe zilizofungwa juu kwa sabuni ya unga, nikazianika, nikavirudisha. Nyekundu nne, nyeupe nne. Zinang'aa! Mzee Nduwayo, mwenzangu wa bwawani, atafurahi. Yeye hajui kusoma, anafanya kazi kwa rangi.

Nyumbani Ngabo kaniuliza tena rangi hizo ni za nini. Mume wa miaka kumi na moja! Nikarudia: nyekundu ni sato waliolishwa chakula cha dawa tangu wakiwa kama punje ya mchele, wote wakageuka madume. Hao ni wa wafugaji, kwa sababu madume peke yao hawazai, wanakula na kunenepa tu. Nyeupe ni wa asili, madume na majike, wanakwenda kwenye ziwa la Gasenyi wakazaane. Akasema hao wa nyekundu wanaishi maisha ya kambi ya jeshi. Chai ikanipalia kwa kucheka.

Ijumaa, 31 Januari

Imekwisha, na imekwenda vizuri! Vifaranga elfu arobaini wameingia Gasenyi. Ziwa ambalo mwaka jana walivua siku nzima wakapata kambale wawili na kiatu.

Rodney alihutubia. Mkenya yule, mrefu, kofia yenye ndoano pembeni. Alisema klabu yao itatundika fimbo za kuvulia miaka miwili mpaka samaki wazaane, na baadaye watawafundisha watoto wa pale kuvua kwa ndoano. Wao humvua samaki, humpiga picha, humrudisha majini. Baba yangu kule Karagwe angewaombea.

Nduwayo ndiye aliyepakia gari. Nyeupe zote kwa ziwa. Nyekundu wafugaji walizichukua jana na leo asubuhi. Mama Mukabalisa wa Bugesera, yule mjane aliyechimba mabwawa mawili kwa jembe lake mwenyewe, alibeba wake kwenye madumu. Alivaa kitenge kipya kama anakwenda harusini.

Madamu Aurore, mkuu wetu, alinishika bega mbele ya wageni. Eti kituo hakijawahi kung'aa hivi.

Jumatatu, 3 Februari

Mungu wangu. Mungu wangu.

Niandike polepole. Madamu Aurore alitaka picha za vizimba kwa ajili ya ripoti, za kabla na za siku ya sherehe. Nikatafuta simuni. Picha ya tarehe 12: vijiti vyekundu viko upande wa mfereji, maji yanakoingilia. Picha ya Ijumaa: vyekundu viko upande wa geti.

Nimeikuza kwa vidole mpaka imekuwa madoa matupu. Mfereji ule ule. Mkaratusi ule ule nyuma yake. Samaki hawakuhama. Vijiti ndivyo vilivyohama. Nilipovirudisha nilianza kupanga kutoka getini – kwa sababu nilikuwa nimesimama getini! Kwa sababu pale ndipo palikuwa na jua la kuanikia!

Basi walioingia ziwani ni wale wa dawa. Elfu arobaini, na hakuna hata mama mmoja. Watakula, watanenepa, watazeeka, basi. Na wafugaji wamechukua wale wa kuzaa.

Kwa sasa hakuna awezaye kuwatofautisha, wadogo mno. Lakini baada ya miezi minne, mitano, samaki wa akina Mukabalisa watazaa. Hapo kila mtu atajua.

Nimeifuta picha ya tarehe 12. Mkono ulitangulia, akili ikafuata. Kisha nikaona simu inasema: iliyofutwa inakaa siku thelathini kabla ya kupotea kabisa.

Naandika haya kwa Kiswahili, humu ndani hakuna anayekisoma. Binti yangu Trinah anajua cha katuni, Ngabo anajua cha kuagiza soda.

Jumatano, 12 Februari

Sijasema. Kila asubuhi nikiwa juu ya moto, pikipiki ya abiria, kutoka Kimironko mpaka bonde la Rebero, naipanga sentensi ndani ya helmeti. "Madamu, kuna kosa nimefanya." Maneno manne tu. Nikifika getini, midomo inakuwa ya mbao.

Naogopa. Niandike wazi: naogopa. Tangu msumeno umuumize Ngabo mkono kule Gisozi hajashika ubao, nyumba inasimama kwa kazi yangu. Na mkataba wangu unaisha Juni. Kosa kama hili wanaliita uzembe, na uzembe hauna barua ya pili ya onyo.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Leo Nduwayo kaniletea viazi vitamu vya shambani kwake. Akasema tangu nifue tepe macho yake yanapumzika. "Rangi inawaka, Mama Trinah. Sasa siwezi kosea." Nikala kiazi kimoja mbele yake kwa adabu. Vilivyobaki nimeviacha stoo.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya ishirini na tisa. Picha ilibakiza siku moja.

Nimeirudisha. Sijui kwa nini. Sijawa jasiri ghafla, nimebonyeza vibaya mara mbili. Ila nilifikiri: ikipotea hii, hata mimi mwenyewe mwakani nitajiambia haikuwa hivyo.

Jumapili, 11 Mei

Hakuna simu kutoka kwa wafugaji. Kila ikilia nashtuka. Ngabo anauliza kama nina mtu. Laiti!

Alhamisi, 19 Juni

Imelia.

Mama Mukabalisa, saa nne asubuhi, anacheka na kulia kwa pamoja. Samaki wake wamezaa! Mabwawa yote mawili, pembeni pote vitoto vyeusi, ukitia mguu vinakimbia. Imana ishimwe, alisema, Mungu asifiwe. Mjane kapewa maradufu. Jumapili atapeleka shukrani kanisani, na mimi ananialika nikae mbele kwa sababu ni mkono wangu uliompa.

Nilipaswa kumweleza. Mama, hiyo si baraka. Vitoto vitakula chakula cha wakubwa, wote watadumaa, mwisho wa mwaka utavua vidole vya samaki. Badala yake niliuliza: umemwambia nani? Sauti yangu ilikuwa ya mwizi.

Amewaambia wote. Mjukuu wake kampiga video, ameituma kwenye kundi la wafugaji la WhatsApp.

Jumatatu, 23 Juni

Video imefika. Madamu Aurore alituweka ofisini, mimi na Nduwayo, akaicheza mara tatu. Mama Mukabalisa anaimba ukingoni, kitenge kile kile.

Madamu si mjinga. Alisomea utawala, si mtaalamu wa samaki, lakini hesabu hii rahisi aliimaliza mwenyewe: kama wafugaji wamepata wanaozaa, ziwani kumekwenda nini? Akageuka polepole. Nani alipakia?

Nduwayo akainua mkono kama mtoto wa shule.

Nilikuwa nimekaa umbali wa kiti kimoja. Simu ilikuwa mfukoni, picha ndani yake. Nilihisi joto lake pajani. Nilitazama viatu vyangu – visafi, kama kawaida yangu. Usafi wangu utaniua!

Nduwayo amesimamishwa tangu leo. Barua ya maelezo ailete Alhamisi. Ijumaa tunakwenda Gasenyi kuhakiki. Nyavu zimepigwa marufuku pale, kwa hiyo klabu ya Rodney watashusha fimbo kwa siku moja tu, watuvulie thelathini. Nduwayo atakuwepo, ajionee. Wakiwa madume wote, yeye basi, kazi imekwisha.

Jumatano, 25 Juni

Amekuja kwangu. Kwangu! Kimironko, kwa miguu kutoka kituo cha basi, shati la Jumapili. Kwa sababu hasomi, na katika kituo kizima mtu anayemwamini kumwandikia barua ni mimi.

Ngabo alimpa chai akatuachia sebule. Nduwayo aliongea, mimi nikaandika. Alizaliwa Bukavu, Kiswahili chake ni cha huko na cha hapa, kimechanganyika. Hakulalamika. Hakumtaja mtu. "Andika vile ilikuwa. Miye nilifuata rangi. Nyeupe ziwani, nyekundu kwa wafugaji. Kama rangi iko sawa, na miye niko sawa."

Kama rangi iko sawa!

Kalamu ilisimama pale. Aliona, akadhani nimechoka, akaniambia: pumzika, mwanangu. Ningeweza kusema wakati ule. Hakukuwa na Madamu, hakukuwa na mgeni, mzee mmoja tu na chai yake. Trinah alikuwa anaimba bafuni. Nikaisikia ile sauti, nikaendelea kuandika.

Nikamsomea. Akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Akapaka kidole gumba wino, akakigandamiza chini ya jina lake kwa uangalifu, kama mtu anayepanda mche. Alipoondoka alinishukuru kwa mikono miwili.

Nimekaa na kikombe chake sijakiosha. Mimi! Sijakiosha.

Ijumaa, 27 Juni – Gasenyi, ndani ya gari la kituo

Naandikia mapajani. Nimewaambia nafuata chupa ya wino garini. Chupa iko mfukoni kwangu.

Ilivyokuwa: Rodney na wenzake sita wamesimama ukingoni na fimbo zao. Kazi yao kuvua samaki mmoja mmoja bila kumjeruhi. Kazi ya Nduwayo ni kumshika tumbo juu. Kazi yangu kupaka wino chini ya tumbo na kutazama: matundu mawili ni dume, matundu matatu ni jike. Kazi ya Madamu Aurore ni kuandika ninachosema. Nikisema ng'ombe, ataandika ng'ombe.

Wazo halikunijia nyumbani, naapa. Lilinijia pale pale, fimbo ya Rodney ilipopinda. Nikisema jike mara kumi na tano kati ya thelathini, basi ziwa liko salama kwenye karatasi. Vitoto vya Mama Mukabalisa vitaitwa dawa iliyokosea kidogo, hutokea. Nduwayo atarudi kazini Jumatatu. Mkataba wangu utasainiwa. Hakuna atakayeumia isipokuwa ziwa, na ziwa halina mdomo.

Samaki wa kwanza. Mnene, ameshiba, mapezi yana wekundu. Nikapaka. Matundu mawili. Wazi kabisa, hata mtoto angeyaona.

Mdomo wangu ukasema: jike.

Madamu akashusha pumzi ndefu, akaandika. Rodney akapiga makofi, wenzake wakacheka kwa furaha, mmoja akamwita samaki mama wa Gasenyi. Na mimi – Mungu anisamehe – nilisikia raha. Pumzi ya kwanza nzima tangu Februari.

Nduwayo hakumwachia samaki.

Alimtazama tumboni. Kisha akanitazama mimi. Miaka thelathini ameshika sato kwa mikono ile. Karatasi hasomi. Tumbo la sato anasoma. Wote walikuwa wamegeukia fimbo nyingine iliyovuta, tukabaki wawili na beseni katikati.

Akasema kwa sauti ya chini, yangu peke yangu: "Mama Trinah. Huyu iko dume."

Nikamjibu haraka, kwa kunong'ona, kwamba nafanya hivi kwa ajili yake, anyamaze, atarudi kazini.

"Niliweka kidole kwa ile barua," akasema. "Kidole yangu haikudanganya."

Halafu nikaona ukweli ukimfikia. Sijui ni uso wangu au nini. Alitazama ziwa, akatazama mikono yangu, hii mikono isiyoweza kuacha kitu kichafu. Nadhani aliziona akilini zile tepe zinaanikwa. Hakukasirika. Ningeomba akasirike! Alimrudisha tu samaki majini, taratibu, na kuniuliza jambo moja: zile tepe, niliziweka kuanzia wapi?

Ndipo nikasema nafuata wino.

Dakika ngapi zimepita? Jasho linadondokea karatasi. Simu iko juu ya kiti, nimeifungua, picha ya tarehe 12. Vyekundu upande wa mfereji. Mkaratusi nyuma. Ngabo kapiga, sijapokea. Kwenye orodha ya Madamu kuna neno moja tu mpaka sasa, jike, na nafasi ishirini na tisa.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika hapa, kwenye mlango wa gari.

Rodney anashangilia, wamepata mwingine. Madamu Aurore ananiita. Anaita tena. Nduwayo haiti. Amepiga magoti ukingoni, amemshika yule wa pili ndani ya maji. Hajamgeuza. Anatazama gari.