Ujumbe wa Namba Yako

Yaya Etabo, mkubwa wangu,

Tangu tukuzike, simu yangu inapokea ujumbe wenye jina lako. Usinicheke. Ninajua unatoka kwenye kile kisanduku cha kupima joto tulichofunga pamoja ukutani, juu ya frigo ya chanjo, pale kituo cha afya, ukaweka ndani kadi ya simu yako ya zamani. Lakini simu ikilia na kuandika "Yaya", moyo hauulizi kadi iko wapi.

Zamani kilisema vizuri: "Frigo iko na joto. Riziki, kuya mbio," yaani nije haraka, na digri za joto mwishoni. Mimi nilitaka Kifaransa, ukakataa. "Kifaransa ni ya bureau, ya mu ofisi. Mu hatari, muntu anasikia Kiswahili." Sasa zikawa zinakuja herufi zilizovurugika, alama za ajabu, kipande cha jina langu. Mama muuguzi akaniambia chanjo za watoto haziwezi kulindwa na kitu kinachopayuka: nikitengeneze, ama akitoe ukutani. Yaya, ndicho kitu cha mwisho ulichotengeneza. Nililia mbele yake bila aibu.

Niliamini mimi ndiye niliyekiharibu. Baada ya msiba wako niliongeza kwenye programu yake mistari ya kupima betri ya sola kabla ujumbe haujatumwa. Nikiitoa, ujumbe unapona. Nikiirudisha, unaharibika. Niliisoma mpaka macho yakauma, sikuona kosa.

Ndipo nikawasha maonyo ya kompyuta, yale uliyoyazima eti yanakupigia kelele. Likatokea moja tu, kwenye fonction yako, kile kipande cha programu kinachoandika ujumbe. Uliweka maneno kwenye variable ya humo ndani, hifadhi ya muda tu, kisha ukarudisha adresse yake, anwani ya mahali yalipokaa. Wewe! Wewe uliyenifundisha: "Variable ya ndani ni mupangaji. Fonction ikiisha, anatoka mu chumba. Adresse inabakia, ye hayuko tena." Kosa lilikuwepo tangu mwanzo, ila chumba kilikuwa hakijapata mtu mwingine. Betri yangu ikaingia, ikaandika namba zake juu ya maneno yako.

Nilikukasirikia. Kisha nikakumbuka uliiandika ukiwa na homa, blanketi mabegani, ukikataa twende hospitali mpaka umalize. Ningekupokonya ile kompyuta, Yaya. Ningekubeba mgongoni.

Chumba chako nyuma ya atelier ya ufundi sasa amepanga kijana wa pikipiki, anayebeba abiria njia ya Misisi. Juzi nilipeleka sahani ya bugali na ndakala, dagaa uliowapenda, nikagonga kama kawaida, akafungua yeye. Nilimwachia sahani, nikaondoka.

Kutengeneza kulikuwa kidogo tu. Nafasi ya maneno nimeiweka kwenye fonction inayotuma, ambayo haitoki mpaka ujumbe uondoke. Yako inapewa nafasi hiyo, inaijaza. Ilinibidi nifute mstari wako ule wa adresse. Nilikaa nao kwanza, kidole juu ya kitufe, nikikuomba ruhusa. Sentensi yako sikuigusa, hata nukta.

Nikabana kipima joto kwenye ngumi ili kisanduku kidhani frigo imepata joto. Simu ikalia. Yaya. "Frigo iko na joto. Riziki, kuya mbio." Nilijua joto ni la mkono wangu mwenyewe. Bado nilisimama, nikakimbia mpaka mlangoni, halafu nikakosa pa kwenda.

Mama muuguzi amekubali kisanduku kibaki. Mimi nakuahidi jambo moja. Namba isiyowekewa unités, salio la simu, hufungwa, baadaye hupewa mtu mwingine. Yako nitaiwekea kila mwezi, nikiwa na pesa na nisipokuwa nazo. Chumba walikichukua, sikuweza kuzuia. Namba hawataipata.

Pumzika sasa, Yaya. Homa imeisha. Frigo ikipata joto, niite.

Mdogo wako,
Riziki