Kwa Shangazi Asmahani, Kuhusu Karatasi za Ghala la Asali

Cheyo,
Tabora.
18 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Asmahani,

Shikamoo Shangazi. Habari za Ujiji, na habari za goti lako? Mara ya mwisho ulisema ngazi za msikitini zinakushinda, unaswali nyumbani. Naomba Mungu akupe wepesi. Sisi huku hatujambo. Mama presha yake imetulia tangu abadilishiwe dawa, na jioni anatoka barazani kuchambua mboga na kubishana na majirani, kwa hiyo tunajua amepona. Watoto wanasoma. Upepo wa Agosti umetujazia vumbi hadi kwenye masufuria.

Nimekupigia simu mara tatu, hukupokea. Sikulaumu. Najua Baba Mkubwa Abbasi amekwisha kukueleza yake, na yeye ni kaka yako wa tumbo moja. Lakini mimi pia ni mtoto wa kaka yako, ingawa baba yangu hayupo kunisemea. Barua hii nampa Vedasto, jirani yetu anayefanya kazi kwenye treni ya Kigoma, aifikishe mikononi mwako. Naomba uisome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Unajua nilivyofanya kazi kwenye ghala la asali la Baba Mkubwa miaka tisa, nikiwa msimamizi. Wanawake saba wanachuja, wanajaza chupa, wanabandika lebo, wanaosha ndoo. Hakuna hata mmoja aliyepewa mkataba wa maandishi. Waliambiwa kwa mdomo kwamba watalipwa kwa mwezi, wakalipwa kwa mwezi miaka yote hiyo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Desemba mwaka jana hawakulipwa. Januari vilevile. Baba Mkubwa alisema mnunuzi wa Dar es Salaam amechelewesha fedha, wavumilie hadi mwisho wa Februari. Wakavumilia. Tarehe 24 Februari walipokwenda kumwuliza, aliwaambia hakuna fedha, na kwamba chupa zote zilizovunjika tangu mwaka uanze zitakatwa kwenye mishahara yao.

Ng'washi ndiye aliyejibu. Huyu ni binti wa Nzega, ana watoto watatu, mchapakazi, haongei ovyo. Alisema, "Mzee, chupa zilivunjika kwenye gari, sisi hatukuwa kwenye gari." Baba Mkubwa akamwambia avue aproni aondoke, asirudi tena. Ikaisha hivyo, mbele ya wote. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na daftari mkononi, na sikusema neno.

Ng'washi alikaa nyumbani karibu mwezi mzima akidhani hana pa kwenda kwa kuwa hana karatasi. Aliyemfumbua macho ni mama Consolatha, jirani yangu, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha pamba. Alimwambia aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na aende upesi, maana anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku thelathini tu, na mwenye dai la mshahara ana siku sitini. Siku ya ishirini na tano Ng'washi alijaza fomu ya malalamiko, na wenzake wote sita wakatia majina yao. Nakala akampelekea Baba Mkubwa mwenyewe, akaisaini kwamba ameipokea. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Ramadhani, watu wanatoka msikitini.

Sasa Shangazi, nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Siku nne kabla ya Idd, Baba Mkubwa aliniita ofisini, uso umekunjuka, sauti ya upole. Alisema ameona asiwe mgumu katika mwezi mtukufu, atawapa wanawake wote mchele na sukari za sikukuu, hata Ng'washi. Akanipa karatasi za kusaini. "Wasainishe," alisema, "ni kumbukumbu tu ya zawadi."

Nilipofika mlangoni nikazifunua. Ya juu ilikuwa orodha ya mchele na sukari kweli. Ya chini yake ilikuwa kitu kingine. Iliandikwa kwamba mimi fulani ni kibarua wa siku, nalipwa kila siku jioni, na sina dai lolote kwa mwenye ghala. Nafasi ya tarehe ilikuwa wazi. Niliisoma yote, Shangazi. Sitakudanganya kwamba sikuelewa. Nilisimama pale nikafikiria ada za chuo alizonilipia, nikafikiria nyumba tunayokaa, nikatoka nikawapanga foleni.

Mama Apolinaria alikuwa wa pili. Ni mtu mzima, macho yake yana mtoto wa jicho. Akaniuliza, "Inasemaje hii, mwanangu?"

Nikamjibu, "Ya mchele wa sikukuu, mama."

"Haya. Umeisoma wewe, inatosha." Akaweka dole gumba mara mbili, moja juu na moja chini, akanishukuru.

Ng'washi alisita. Alitaka kuipeleka kwa mama Consolatha kwanza. Nikamwambia asiharibu siku, watoto wanasubiri chakula. Akasaini. Nilikuwa nimefunga, Shangazi, na nilifuturu siku hiyo kama mtu mwingine yeyote.

Aprili tuliitwa kwenye usuluhishi. Msuluhishi alikuwa mtu mpole, alizisikiliza pande zote. Alieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba kukosa mkataba wa maandishi si kosa la mfanyakazi. Kuuandika ni wajibu wa mwajiri, na asipouonyesha, basi ni yeye anayetakiwa kuthibitisha walikubaliana nini. Nilimwona Ng'washi akikaa sawa kwenye kiti, kama mtu aliyepewa maji. Ndipo wakili wa Baba Mkubwa akafungua faili lake. Akasema maandishi yapo, haya hapa, hawa ni vibarua wa siku na walikiri wenyewe tangu mwaka jana.

Wanawake wote saba waligeuka wakanitazama mimi.

Usuluhishi ulishindikana siku hiyo hiyo, shauri likapelekwa kwa mwamuzi. Nakala za zile karatasi zilipopita mbele yangu niliona tarehe iliyojazwa: 11 Julai 2024. Wewe Shangazi hutasahau tarehe hiyo, wala mimi.

Nilimfuata Baba Mkubwa nyumbani kwake kesho yake. Nikamwambia, karatasi zile ni uongo, ziondoe kabla hazijatufikisha pabaya. Aliketi akaendelea kunywa chai yake. Wiki iliyofuata nikarudi tena, nikamwomba awalipe tu, hata kwa awamu, nitamsaidia kupanga. Safari hii alisimama. "Wewe ni damu yangu au damu yao?" aliniuliza. "Nani aliyekulea baba yako alipofariki? Ng'washi?" Ni kweli alinilea, na alinilea vizuri. Nilimwambia tu kwamba sitalala na jambo hili. Akaniambia nikabidhi funguo za ghala.

Nilikwenda kwa Ng'washi nikamweleza yote, tangu mlangoni pale niliposoma. Nilitegemea atanipiga. Hakunipiga. Aliendelea kukoboa mahindi yake, halafu akasema, "Dada Anifa, mimi Baba Mkubwa wako nilijua ni adui. Wewe nilikuita dada." Nikamwomba msamaha. Akasema, "Msamaha baadaye. Utakuja kuyasema hayo mbele ya mwamuzi, au umekuja kuyasema hapa jikoni tu?"

Nikamwambia nitakwenda.

Juni tulisikilizwa. Mwamuzi ni mwanamke, anaandika kila neno kwa mkono, na anakusubiri umalize. Baba Mkubwa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, amevaa kanzu ile ya kijivu uliyomletea. Niliapa nikiwa nimeshika msahafu. Nikaeleza kazi zilivyokuwa, kwamba mshahara ulikuwa wa mwezi, kwamba mimi mwenyewe niliwasainisha kwa hila, na mchele ulikuwa chambo.

Wakili akasimama. Aliniuliza kama si kweli kwamba nimefukuzwa kazi na sasa nalipiza kisasi. Nikasema nimenyang'anywa funguo baada ya kukataa, si kabla. Akaniuliza, nina ushahidi gani kwamba karatasi hazikusainiwa tarehe iliyoandikwa? Ni neno langu tu?

Nikasema, "Tarehe hiyo ghala lilifungwa. Hakukuwa na mtu wa kusaini wala wa kusainisha."

"Lilifungwa kwa nini?"

"Tulikuwa tunamzika bibi yangu. Mama yake mlalamikiwa."

Mwamuzi aliacha kuandika akamtazama Baba Mkubwa, akamwuliza kama hilo ni kweli. Nilidhani atakataa. Alifunika uso kwa viganja, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Tulimzika siku hiyo." Naamini hakuijaza yeye ile tarehe. Naamini aliyezichapa karatasi zile aliandika yoyote iliyomjia, na yeye akatia saini bila kuangalia. Lakini saini ni yake.

Nilitoka nje nikatapika. Mama Apolinaria ndiye aliyenishika kichwa. Hakusema kitu kuhusu yale niliyomfanyia, na mpaka leo hajasema.

Uamuzi ulitoka tarehe 6 mwezi huu. Karatasi zile zimekataliwa. Wanawake walipwe mishahara yao yote ya miezi mitatu, na makato ya chupa yafutwe, kwa kuwa mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi. Kuachishwa kazi kwa Ng'washi kumeonekana si halali, na amepewa fidia. Baba Mkubwa asiporidhika ana wiki sita kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Hiyo ni haki yake, na akienda sitamlaumu.

Lakini siyo huko anakokwenda. Alhamisi iliyopita alikuja hapa Cheyo. Mama alimkaribisha, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Amekonda. Mama akamletea uji, hakuugusa. Akaniambia, "Ulinivua nguo mbele ya watu."

Nikasema, "Nilikuja kwako mara mbili kwanza, Baba Mkubwa."

"Ulikuja," alisema. Nikafikiri labda hapa ndipo tutakapopatana. Kisha akasimama akasema, "Waambie wenzako wasijisumbue na madalali wa mahakama. Ghala si langu tena. Ni la Asmahani tangu mwaka juzi, na mitambo yote. Karatasi iko njiani kwenda Ujiji."

Shangazi, ghala halijawahi kuwa lako. Wewe unajua, na mimi najua. Amekuandikia karatasi yenye tarehe ya nyuma ili wanawake wale wakija na hukumu yao wakute kuta za mtu mwingine. Amechagua jina lako kwa kuwa anajua humnyimi kitu.

Sikuombi uache kumpenda. Mimi mwenyewe bado nampenda, na siku ya Idd kubwa nilipopita nikakuta mlango wake umefungwa, nililia njiani hadi nyumbani. Nakuomba jambo moja: karatasi hiyo ikifika, usiisaini. Mwite Ujiji, mkae wawili, mwambie ukweli kama dada. Wewe ndiye pekee anayeweza kumwambia akasikia. Mama Consolatha anasema wanawake wako tayari kupokea kwa awamu, mradi iandikwe na isajiliwe Tume. Yupo mnunuzi wa nta ambaye bado anasubiri mzigo wa Baba Mkubwa ili alipe, kwa hiyo fedha zitaingia. Njia ipo ya kutoka bila kuuza hata ndoo moja.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Bi Jasoda, yule mwenye duka la vitambaa, amenipa kazi ya kuuza. Siku ya kwanza nilimwomba mkataba wa maandishi. Alicheka, akasema nimekuwa mwanasheria, kisha akachukua kalamu akauandika. Ng'washi bado hanisalimii kwa moyo, lakini juzi alimtuma mwanawe aniletee karanga.

Ikiwa umekwisha kuisaini, nakusihi uiandikie Tume kabla hawajakuuliza. Maana wakiuliza, Shangazi, nitaitwa, na nikiitwa nitashika msahafu tena. Nitasema niliyoyajua, hata saini iliyoko mezani ikiwa yako.

Mama anakusalimu sana, anasema akipata nafuu zaidi atapanda treni aje akuone. Wanangu wanakusalimu. Nisalimie mwanao Sabiri na mkewe, na umbusu mtoto wao mchanga ambaye sijamwona. Mungu akuponye goti, akupe moyo mwepesi unaposoma haya, na asitutenganishe sisi tuliobaki.

Mimi mwanao, nikupendaye hata usipopokea simu,

Anifa