Kapteni Abebe Nini Vitani: Kikao cha Dharura cha Kampani G

KAMPANI G, CHAMA CHA WAIGIZAJI WA VITA VYA KALE, HARLAN FORD, OHIO

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMANNE, TAREHE 17 JULAI 2018, KATIKA UKUMBI WA CHINI WA KANISA LA WALUTERI, KUANZIA SAA 1:00 JIONI

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Waldo Krantz – Mwenyekiti
2. Kapteni Thurlow Beecham – Kamanda wa Kampani (siku za kazi huuza mazulia)
3. Luteni Garrett Pohl – Msaidizi wa Kapteni
4. Askari Orville Stamm – Mjumbe
5. Bi. Bernice Stamm – Mpishi wa Kampani. Mke wa Askari Stamm na dada mkubwa wa Kapteni
6. Bi. Lorna Dietz – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Askari Clyde Munsey, kwa taarifa. Sare yake iko kwa dobi, na alisema hawezi kuonekana kwenye kikao cha jeshi amevaa kaptura.

KUMB. NA. 1/7/2018: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kuwashukuru wajumbe kwa kuja na saladi ya viazi. Aliagiza mazungumzo yaandikwe kama yatakavyotamkwa, kwa kuwa baada ya kikao kilichopita Kapteni alilalamika kwamba amewekewa maneno mdomoni. Katibu ametii agizo hilo kwa moyo mkunjufu.

KUMB. NA. 2/7/2018: TAARIFA YA TUKIO LA JUMAMOSI

Luteni Pohl alieleza kwamba Jumamosi Kampani ilishambulia kilima cha shamba la akina Yoder mbele ya watazamaji wengi. Jua lilikuwa kali na wote walikuwa wamevaa makoti ya sufu. Katikati ya mashambulizi Askari Stamm alianguka kwenye uwanja mtupu na hakuinuka. Watazamaji walipiga makofi, na Kampani ikasonga mbele.

Ilielezwa zaidi kwamba Kapteni alisimama, akatoa darubini yake, akamtazama Askari Stamm kwa makini, kisha akasema kwa sauti, "Mwoneni Orville anavyokufa. Huyu ndiye mwigizaji!" Akampigia saluti.

Aliyegundua kwamba Askari Stamm haigizi ni mkewe. Alitoka kwenye hema la chakula na ndoo ya maji ya limau, akapita katikati ya majeshi mawili, akammwagia mumewe yote, kisha akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Watazamaji walimpigia makofi naye pia. Askari Stamm alilala hospitali kwa kuishiwa maji mwilini. Wajumbe walifurahi kumwona amerudi, ingawa amekonda.

Luteni Pohl aliongeza kwamba hasemi haya kwa sababu anautaka ukapteni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

KUMB. NA. 3/7/2018: HOJA YA KAPTENI KUHUSU APRONI

Kapteni aliomba, kabla ya yote, kikao kijadili nidhamu ya mavazi. Alisema aproni ya Mpishi ilikuwa na picha za vibaniko na maneno ya kusifu nyama choma, na kwamba mwaka 1863, wa vita wanavyoviigiza, hapakuwa na aproni ya namna hiyo. Alisema imeharibu shambulio zima.

Bi. Stamm alijibu, "Thurlow, ningeivua nikaja na nguo za ndani, ungefurahi?"

Mwenyekiti aliiondoa hoja hiyo.

KUMB. NA. 4/7/2018: VITU ATAKAVYOBEBA AFISA VITANI

Mwenyekiti alieleza kwamba Jumamosi hii Kampani itarudi kwenye kilima kilekile na joto linatabiriwa kuzidi. Bi. Stamm amesema mumewe hatakanyaga huko mpaka ijulikane afisa anabeba nini na kwa faida ya nani. Daktari amemruhusu Askari Stamm, na Askari Stamm mwenyewe anataka kwenda. Uamuzi ulipaswa kupatikana kabla ya watu kurudi nyumbani.

Kapteni alitaja anavyobeba: upanga, bastola, darubini, saa ya mnyororo, ramani, filimbi, chupa ya maji ya bati, na barua kutoka kwa mke anayemngoja nyumbani. Katibu aliuliza ni mke yupi, kwa kuwa Kapteni hajaoa. Kapteni alijibu kwamba barua ameiandika mwenyewe, kwa wino wa zamani, na kwamba ni barua nzuri.

Bi. Stamm alipendekeza kila afisa abebe maji ya kuwatosha walio chini yake, na simu. Kapteni alisema simu ataibeba akiwa maiti. Alisema afisa halisi hakujitwisha maji kama punda, na kwamba yeye hata hivyo chupa anayo, kila mtu anaiona.

Mwenyekiti aliomba aione. Kapteni alisita, kisha akaivua begani. Mwenyekiti aliitikisa, haikulia. Aliifungua, akachungulia, akaingiza kidole. Ilikuwa imeshindiliwa pamba.

Kapteni alifafanua kwamba maji hucheza chupani na kulivuta koti upande mmoja. Pamba huifanya chupa ikae vizuri kiunoni.

Katibu anaandika hapa, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, kwamba alitamani kumpiga mtu kwa bakuli la viazi.

Kapteni alijitetea kwamba hata angekuwa na maji, angejuaje? "Watu huanguka kila Jumamosi! Ndiyo kazi yenyewe! Nimkimbilie kila anayekufa?"

Bi. Stamm alisema, "Mdogo wangu, hebu nikuulize. Clyde hufia wapi?"

Kapteni alijibu kwamba hufia chini ya mti wa mjozi.

"Na Garrett?"

Kapteni alisema Luteni hufia nyuma ya ghala. Luteni Pohl alisema ni kwa sababu ya mgongo wake.

"Na wewe, mwaka ule ulipotaka kufa kishujaa?"

Wajumbe wote wanakumbuka kwamba Kapteni alitembea na jeraha la kifuani mpaka penye kivuli cha hema la chakula, akafia karibu na keki.

Bi. Stamm alisema, "Kampani hii inakufa tangu sijapata mvi. Lini ulimwona mtu akifia juani? Miti yote ile, Thurlow! Mume wangu amelala katikati ya jua, na wewe una darubini!"

Kapteni alisema hakuwa amelifikiria hilo.

Ndipo Askari Stamm, aliyekuwa hajasema neno, aliomba nafasi. Alisema, "Shemeji, nilikuita. Sikuita Kapteni, niliita Thurlow. Nikanyoosha mkono. Nikakuona umenitazama, nikasema moyoni, nimepona, shemeji ameniona. Ukanipigia saluti."

Kapteni aliinamisha kichwa. Baadaye alisema, "Nilidhani unaniaga."

ILIAMULIWA kwamba kuanzia Jumamosi Kapteni abebe chupa mbili zilizojaa maji, na simu ndani ya mkoba wa ramani. Luteni Pohl naye abebe vivyo hivyo, jambo ambalo hakulitarajia. Iliamuliwa pia kwamba anayefia juani akimbiliwe bila kuuliza. Kapteni alisema vyote hivyo havitaenea kiunoni pamoja na upanga. Mwenyekiti alimwambia achague. Kapteni aliufungua mshipi, akauweka upanga mezani kati ya viazi na haradali, akapiga kura ya ndiyo pamoja na wengine wote.

KUMB. NA. 5/7/2018: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa 2:40 usiku. Katibu alipokwenda jikoni kurudisha bakuli alimkuta Kapteni amesimama kwenye sinki, anachokoa pamba chupani kwa uma wa keki. Ilikuwa nyingi. Alipomaliza aliisuuza, akaijaza, akaitundika begani. Koti lilivutika upande, kama alivyosema.

Askari Stamm alikuwa amekaa mlangoni akingoja mkewe alete gari. Kapteni alimpelekea ile chupa. Askari Stamm alikunywa, akakunja uso, akasema bado ina nyuzi.

"Tema," Kapteni alisema. "Nakujazia mengine."

Imethibitishwa na:

W. Krantz, Mwenyekiti ........................

L. Dietz, Katibu ........................